Afya ya jamaa: Herufi moja katika plani ya damu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu jioni wakati bwana yako yuko kazini, leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao waganga wanauita drepanositozi, na ambao watu wote kambini wanauita SS.

Tuanze na swali ambalo akina mama wanaliuliza mara kwa mara wanapoleta mtoto hospitali: «Munganga, mtoto huyu alizaliwa mzima. Alinyonya vizuri, alinenepa, kila mtu alimsifu. Juu ya nini amefikisha miezi sita tu, vidole vya mikono na miguu vinaanza kuvimba, macho yanakuwa manjano, na usiku kucha ni kilio?» Kabla munganga hajajibu, nyumbani jibu limekwisha kupatikana. Ni shangazi aliyekuja kutembea mwezi uliopita na kumbeba mtoto. Ama ni jirani. Ama ni damu mbaya ya ukoo wa bibi.

Swali la mama ni zuri kuliko jibu hilo. Waganga walitumikia miaka mingi kabla ya kulijibu, na ndani ya jibu lao mmetoka dawa mpya za siku hizi. Kwa hiyo tulifuate polepole.

Plani na atelye

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Karibu kila chembe, iwe ya ngozi, ya ini ama ya mfupa, inachukua ndani yake plani nzima ya mwili. Plani hiyo imeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, lakini herufi zenyewe zinafika karibu milioni 3000. Fungu moja la plani, lenye maelezo ya kutengeneza kitu fulani, linaitwa jeni. Mtu ana karibu jeni 20.000 za namna hiyo.

Wewe uliye fundi unajua kazi ya plani. Plani ya asili haiendi kwenye mafuta na vumbi, inabaki biro. Fundi wa atelye anapewa kopi ya ukurasa anaouhitaji, na kwa kopi hiyo anatengeneza kipande chake. Mwili unafanya vile vile. Kopi ya jeni inatolewa, inafika mahali pa kazi ndani ya chembe, na pale vipande vidogo vinatungwa kimoja kimoja kama shanga, kwa kufuata kopi. Kopi ikimaliza kazi inavunjwa.

Lakini kopi fulani haitolewi mahali pote. Chembe ya jicho inayo plani ya kutengeneza damu, lakini haifungui ukurasa ule hata siku moja. Ndani ya chembe kuna vyombo ambavyo kazi yao ni kufungua ukurasa huu na kufunga ule. Sisi tutaviita makapita. Msomaji, shika neno hilo, tutalirudia.

Sasa, damu. Ndani ya kila globuli nyekundu muna hemoglobini, karibu milioni 270, na hiyo ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafu hadi mwili wote. Kila hemoglobini ina nyuzi nne za shanga, mbili za namna moja na mbili za namna ya pili. Wa namna ya pili, uzi mmoja una shanga 146. Kwa mgonjwa wa SS, mahali pamoja katika plani ya uzi huo, palipopashwa kuwa na herufi A, pana T. Kwa hiyo shanga ya sita si ile iliyotakiwa. Basi, ni hiyo tu! Shanga nyingine zote 145 ni sawa na zako.

Kosa dogo, hasara kubwa. Globuli inapokwisha kutoa oksijeni yake, hemoglobini hizo zinashikana, zinakuwa kama fimbo ndefu, na globuli inapinda kama mundu. Globuli iliyopinda inakwama katika mishipa myembamba. Nyama na mfupa ulio mbele ya pale vinakosa oksijeni, na hapo inakuja ile krizi ya maumivu unayoijua. Tena globuli nzima inaishi karibu siku 120, lakini ile ya SS inakufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu mgonjwa anapungukiwa damu na macho yake yanakuwa manjano.

Juu ya nini miezi sita?

Mtoto aliye tumboni hapumui mwenyewe; anapata oksijeni kutoka damu ya mama yake. Kwa kazi hiyo anahitaji hemoglobini nyingine, inayoshika oksijeni kwa nguvu zaidi. Hiyo inatengenezwa kwa jeni nyingine, na katika plani ya jeni hiyo hakuna kosa. Karibu na kuzaliwa, makapita wanaanza kufunga atelye ya zamani na kufungua atelye ya mtu mkubwa. Badiliko hilo halifanyiki siku moja. Linachukua miezi. Wakati hemoglobini ya tumboni ingali nyingi, inazuia zile za S zisishikane, na mtoto anaonekana mzima kabisa. Inapokwisha, ugonjwa unajionyesha.

Mama, umeelewa? Siku shangazi alipombeba mtoto, kosa lilikuwa ndani ya plani yake tangu siku ya kwanza ya mimba. Hakuna mtu aliyekuja kulitia. Munganga mmoja wa watoto, Janet Watson, aliliona jambo hilo New York mwaka 1948: watoto wachanga walikuwa na globuli chache za kupinda kuliko mama zao waliokuwa na S, na alifikiri kwamba hemoglobini ya tumboni ndiyo inayowalinda.

Baba na mama, wote wawili

Kila mtu ana plani mbili za hemoglobini, moja ya baba yake na moja ya mama yake. Mwenye mbili nzuri ni AA. Mwenye moja nzuri na moja yenye kosa ni AS. Mwenye kosa mara mbili ni SS. Mnamo mwaka 1949 wawili walieleza njia hiyo ya urithi, kila mmoja kwake: James Neel kule Marekani, na E. A. Beet, munganga aliyetumika Rhodesia ya Kaskazini, jirani yetu, ile inayoitwa leo Zambia.

AS si mgonjwa. Anafanya kazi, anazaa, anazeeka bila kujua. Lakini AS akioa AS, kila mimba ina bahati moja juu ya nne ya kuleta SS. Tunasema kila mimba. Wengine wanahesabu hivi: «Mtoto wa kwanza alikuwa SS, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima.» Hapana. Mimba ya pili haijui yaliyotokea kwa ya kwanza. AS akioa AA, hakuna SS atakayezaliwa.

Tumesikia wanaume wanaosema: «Mimi sijaugua hata siku moja, ugonjwa huu umetoka kwao.» Bwana, mtoto wa SS amepokea S moja kutoka kwako na S moja kutoka kwa bibi yako. Kumrudisha bibi kwa wazazi wake hakubadilishi herufi hata moja. Tumeona nyumba zikivunjika kwa maneno hayo, na mtoto mgonjwa anabaki na mama peke yake, bila franga za dawa. Hilo ni baya kuliko S yenyewe.

Na S ilibakia kwetu juu ya nini? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake Kenya na Uganda, alionyesha kwamba mtoto wa AS anapambana na malaria vizuri kuliko mtoto wa AA. Wazee wetu waliokuwa AS walipona malaria na kuzaa. Ndiyo sababu mahali penye malaria nyingi pana S nyingi. Kinshasa walipima damu ya watoto wachanga 31.204, kati ya kila mia, karibu 17 walikuwa AS, na mmoja ama wawili SS. Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka 2009.

Kumtafuta kapita

Waganga walijiuliza: kama hemoglobini ya tumboni inamlinda mtoto, je, hatuwezi kuifungua tena ile atelye ya zamani? Wazo hilo lilipata nguvu mahali ambapo wengi hawakutazamia. Munganga Perrine, aliyekuwa akitunza jamaa za wafanyakazi wa kampani ya petroli huko Saudia, alikuta wagonjwa wa SS walioishi karibu bila krizi. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliandika kwamba damu ya watu hao ilibaki na hemoglobini nyingi ya tumboni hata ukubwani. Munganga wa kampani, kama hawa wa hospitali zetu! Aliangalia vizuri kadi za wagonjwa wake.

Kapita mwenyewe alijulikana mwaka 2008, Boston, katika laboratware ya Stuart Orkin. Jina lake ni BCL11A. Huyo ndiye anayefunga ukurasa wa hemoglobini ya tumboni. Akinyamazishwa, ukurasa unafunguka.

Miaka minne baadaye, mwaka 2012, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha chombo kinachoitwa CRISPR, walichopewa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Ni kama mkasi unaopewa anwani: unatafuta mahali pamoja katika plani na kukata hapo. Kwa ugonjwa wa SS kazi inakwenda hivi. Wanatoa kwa mgonjwa chembe zinazozaa damu. Katika laboratware wanakata ile sehemu ya plani inayomwamsha kapita BCL11A katika kazi ya damu. Kisha mgonjwa anapewa dawa kali, ya aina wanayopewa wagonjwa wa kansa, ili kuondoa chembe za zamani katika mifupa. Baadaye anarudishiwa zake zilizobadilishwa. Ataa hospitali kwa majuma mengi, na dawa ile kali inaweza kuharibu uzazi.

Mgonjwa wa kwanza wa SS kule Marekani, bibi Victoria Gray, alipewa chembe zake mwaka 2019. Uingereza ilikubali matunzo hayo mwezi wa Novemba 2023, na Marekani mwezi wa Desemba. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatwa muda wa kutosha, 29 walikaa mwaka mzima ama zaidi bila krizi kali. Ni jambo kubwa. Lakini bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2,2 kwa mtu mmoja. Tunakuandikia bei hiyo makusudi: mtu akija kambini na chupa ya «dawa ya jeni» ya franga chache, umeshajua anauza nini. Na ujue tena kwamba herufi yenye kosa haikuguswa. Aliyetunzwa hivyo bado anampa mtoto wake S.

Kidonge

Je, sisi tungoje tu? Hapana. Kuna kidonge cha zamani, hidroksiure, ambacho hakigusi plani lakini kinawafanya wagonjwa wengi watengeneze tena hemoglobini ya tumboni. Kilijaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kenya, Uganda na Kongo yetu, hapo Kinshasa, na munganga wetu Léon Tshilolo ndiye aliyetangulia kati ya walioandika matokeo, mwaka 2019. Ukihesabu watoto mia kwa mwaka mmoja, krizi za maumivu zilishuka kutoka 98 hadi 45, kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14, vifo kutoka karibu 4 hadi 1. Hata malaria ilipungua kwa nusu. Lakini usikinunue sokoni. Munganga anapashwa kupima damu kwanza na kuirudia, kwa maana kipimo kikizidi damu inapungua. Mwanamke mwenye mimba, ama anayetaka mimba, aongee na munganga kwanza.

Wafanyakazi wanatuuliza pia: mtu wa AS anaweza kushuka katika mgodi? Anaweza. AS si sababu ya kumkatalia mtu kazi. Mahali penye joto anywe maji mengi, apumzike kidogo kabla ya kuchoka kabisa, na akiona damu katika mkojo aende kwa munganga siku ile ile.

Vijana mnaotaka kuoana, pimeni damu kabla ya kupanga mahari, wote wawili. Tunasema wote wawili sababu kijana anapenda kumtuma mchumba peke yake.

Na wewe mama wa mtoto wa SS: penisilini kila siku mpaka afikishe miaka mitano, chanjo zote, asidi foliki, chandarua, maji ya kunywa mara nyingi, nguo ya moto wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Omba munganga akuonyeshe namna ya kupapasa bandama, kushoto chini ya mbavu. Huko Jamaika akina mama walifundishwa hivyo, na watoto wengi waliokolewa. Bandama ikivimba ghafula na mtoto kuwa mweupe midomoni, ama akipata homa, usingoje asubuhi wala mwisho wa zamu ya baba. Ukifika mlangoni, neno la kwanza kwa yule aliye zamu usiku liwe hili: «Huyu ni SS.»