Kuunga Mistari Iliyokatika kwa Ruwaza

Mwalimu wa Izigo, Muleba, anafika steshenari akitaka sehemu ya Haki na Wajibu Muhimu, inayoanzia Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania ya 1977, aigawe darasani. Kijana wa duka ananakili kutoka kwenye PDF, anabandika, na kila mstari umekatikia njiani. Anaanza kuiunga kwa mkono, mmoja mmoja. Hiyo ni kazi ya kuchosha bure.

PDF, iliyoletwa na Adobe mwaka 1993, hutunza sura ya ukurasa: herufi na mahali ilipokaa. Aya mara nyingi haimo. Ndiyo maana mstari unakatika pale karatasi ilipoishia.

Fungua maandishi kwenye Notepad++, programu ya bure. Bonyeza Ctrl na H, chagua "Regular expression", yaani utafutaji kwa ruwaza, kisha weka alama kwenye "Match case". Ukiisahau, herufi kubwa na ndogo zitachanganywa. Tafuta:

([A-Za-z0-9,]) *\R([a-z])

Badilisha kwa:

\1 \2

\R ni mwisho wa mstari; \1 na \2 ni kilichonaswa na mabano ya kwanza na ya pili. Ruwaza hii inaunga pale tu mstari unaofuata unapoanza na herufi ndogo, kwa hiyo vichwa vya habari na vifungu vinavyoanza na (a) au (b) vinabaki mahali pake. Neno lililokatwa kwa kistari, kama ki- na jiji, tafuta ([a-z])-\R([a-z]) na uweke \1\2.

Inabaki shida ya majina. "Kibanja kilichopo kata ya", halafu mstari wa chini, "Izigo". Herufi kubwa imeizuia ruwaza ya kwanza. Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia: sentensi haiishii kwenye "ya" wala "katika". Basi tafuta:

\b(ya|wa|la|cha|za|na|kwa|katika) *\R([A-Z])

na uweke tena \1 \2. Majina kama Bukoba, Muleba na Kagera yaliyotanguliwa na maneno hayo yatarudi kwenye sentensi zake.

Usizipitishe ruwaza hizi kwenye shairi wala orodha ya majina, kwa kuwa humo mistari imekatwa kwa makusudi. Hifadhi nakala ya awali kwanza. Na ikiwa ni sheria au muhtasari wa mkutano wa kijiji, tafadhali ulinganishe na PDF, ibara kwa ibara, kabla hujaprinti.