Sikio likiziba ghafla, usingoje
Ndugu Muislamu, ukiamka Alfajiri ukakuta sikio moja halisikii adhana na ndani linavuma, usikimbilie kutia mafuta ya moto. Fumba mdomo, vumisha "mmm". Sauti ikielemea sikio lililo zima, huenda tatizo si nta bali sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo; dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki 2. Wapo wanaopona wenyewe, lakini utajuaje kuwa wewe ni miongoni mwao? Ubongo nao hausubiri: sikio likinyamaza, sehemu zake za usikivu hubadili miunganisho. Watafiti huipiga picha za MRI wapate kubashiri nani atapona, ila hospitalini bado tunategemea kipimo cha usikivu. Mwenye kisukari amweleze daktari, kwani steroidi hupandisha sukari.