Pweza Ana Mioyo Mingapi?

Bamvua likitoa maji mbali, kina mama wa Unguja na Pemba hushuka mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza. Watoto wanaofuatana nao huwa na maswali mengi. Haya ni baadhi.

Pweza ni samaki?
Siye, ingawa sokoni hulala meza moja nao. Hana mfupa hata mmoja. Jamaa zake ni ngisi na dome, na kwa mbali chaza na konokono. Mdomo wake ni mgumu, umepinda kama wa kasuku, nao umejificha pale minyiri inapokutana.

Minyiri yenyewe ni mingapi?
Minane. Tazama upande wa chini uone vikombe vilivyopangika safu mbili. Usidhani ni vya kung'ang'ania tu. Pweza huonja navyo. Akipenyeza mnyiri kwenye ufa, humtambua kaa aliyejificha humo bila kumwona. Ana seli za neva zipatazo milioni 500, na takriban theluthi mbili zimo ndani ya minyiri, si kichwani. Ndiyo maana mnyiri uliokatwa huendelea kujinyonganyonga ndooni, mtoto akapiga ukelele.

Na mioyo?
Mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua, mmoja huizungusha mwilini. Huo mmoja husimama anapoogelea, hivyo pweza huchoka upesi na hupendelea kutambaa. Damu yake ni ya buluu, kwa sababu inabeba hewa ya oksijeni kwa madini ya shaba. Yetu hutumia chuma.

Anabadilikaje rangi?
Ngozi yake imejaa vifuko vidogo vya rangi. Misuli ikivivuta, rangi hutanda, ikilegea, hufifia. Kufumba na kufumbua, amekuwa jiwe. Akibanwa zaidi hutoa wino na kutoroka.

Basi wavuvi humwonaje?
Kwa taka zake! Mlangoni mwa shimo huacha magamba ya kaa na makombe aliyokwisha kula. Fundi wa kujificha, lakini hajui kufagia uwanja.

Anaishi miaka mingapi?
Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja hivi, au kupita kidogo. Jike hutaga mara moja tu maishani, mayai maelfu kwa maelfu, akayatundika ndani ya shimo. Huyalinda na kuyapepea maji safi, hali chakula, hadi yaanguliwe; kisha hufa.

Ukichungulia shimo ukaona mayai yananing'inia, rudisha kijiti chako na umwache.