SOMO LA MATAWI: KUNAKILI NYIMBO, NI HAKI AU NI WIZI?



Swali hili linaulizwa mara nyingi katika matawi yetu. Mfanyakazi amenunua wimbo, akaunakili kwenye simu yake ili ausikilize baada ya zamu. Je, ni mwizi? Na mwenye kibanda anayejaza nyimbo mia kwenye kadi za simu za watu kwa malipo, naye tumwite nani? Majibu ya maswali haya mawili si mamoja.

1. Muziki ni kazi

Wimbo hauoti kama nyasi. Mtunzi, mwimbaji, mpiga gitaa na fundi wa studio wote wametoa jasho. Sisi hulipwa kwa siku, au kwa kilo za majani ya chai tuliyochuma. Wao hutegemea nakala zinazouzwa na mahali wimbo unapopigwa. Ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani lilishiriki kutayarisha Mkataba wa Roma wa 1961, unaowalinda wapigaji na waimbaji. Lakini mkataba huo huo unaziruhusu nchi kutohesabu matumizi ya mtu binafsi kuwa kosa.

Mkumbukeni Solomon Linda, mfanyakazi mwenzetu. Alikuwa akifungasha santuri katika kiwanda cha Gallo, Johannesburg. Mwaka 1939 alirekodi wimbo wake "Mbube", ukaenea dunia nzima na kuwatajirisha wengine. Yeye alikufa maskini mwaka 1962. Jamaa yake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006, miaka 44 baadaye. Waliomnyonya si watu waliosikiliza nyumbani kwao, bali waliofanya biashara kwa jasho lake.

2. Sheria inapima nini

Sheria ya Uganda ya 2006 iliyataja matumizi ya mtu binafsi kuwa miongoni mwa matumizi yanayokubalika. Lakini iliweka mizani: nakala ni ya kazi gani? Umechukua kiasi gani? Je, umeharibu soko la mwenye wimbo? Nakala moja ya kusikiliza mwenyewe ni nyepesi katika mizani hiyo. Nakala mia za kuuza ni nzito. Nchi hazifanani, basi kila tawi liulizie sheria ya nchi yake.

3. Wengine walifanyaje

Mashine za kurekodi zilipoingia majumbani, Ujerumani Magharibi iliona kwamba polisi hawawezi kuingia kila nyumba kukagua kanda. Sheria yake ya 1965 ikaruhusu kunakili nyumbani, lakini watengenezaji wa mashine wakatakiwa kulipa ada ndogo kwa ajili ya wenye nyimbo. Mwaka 1985 ada ikawekwa pia kwenye kanda tupu. Haba na haba hujaza kibaba. Ghana, Burkina Faso na Malawi nazo zimeweka ada ya namna hiyo.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2014 serikali iliruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake bila ada yoyote. Chama cha wafanyakazi wa muziki, pamoja na wenzao, kilikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2015 ruhusa hiyo ikafutwa, kwa kuwa serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wanamuziki hawataumia. Tazameni vizuri: chama hakikumshitaki msikilizaji, kiliishitaki serikali.

4. Msimamo wetu

Anayenakili wimbo alioununua, asikilize mwenyewe, hamnyang'anyi mtu riziki. Anayeuza nakala bila ruhusa anakula mshahara wa mwenzake, na anayenunua kwake anamsaidia kula. Na mwenye kiwanda cha simu anayepata faida kwa sababu watu wanataka kusikiliza nyimbo, haki ni kwamba naye achangie. Tusiwaachie wanamuziki peke yao madai haya. Sisi tunaodai malipo halali ya kazi yetu hatuwezi kuidharau kazi ya mwingine.

Maswali ya kujadili katika tawi

(a) Ukimpa rafiki nakala moja bure, mizani inaelemea wapi? Na ukiwapa wafanyakazi wote wa zamu?
(b) Wimbo ukipigwa katika kantini ya kiwanda, nani anapaswa kumlipa mwanamuziki: mfanyakazi au mwajiri?
(c) Ada ikiwekwa kwenye simu, tutahakikishaje kwamba inamfikia mwimbaji wa kijijini?

Umoja ni nguvu.