Kwanza Jifunze Kuanguka: Mafunzo Niliyopata Katika Mieleka ya Kulipwa

Nilipigana mieleka ya kulipwa katika kumbi ndogo za Massachusetts na New Hampshire: kumbi za makanisa, za shule, za askari wastaafu. Goti lilipokataa kuendelea, nikawa mkufunzi. Ninaishi Lowell, mji wenye Wakenya wengi, na kila harusi au matanga watu huniuliza mambo mawili tu: kama ni kweli, na kama inalipa. Nitajibu yote mawili, ila kwa mpangilio wangu.

1. Somo la kwanza ni kuanguka. La pili pia.

Ulingo unadanganya macho. Kwa mbali unaonekana kama godoro, kumbe chini ya turubai pana sponji nyembamba, chini ya sponji mbao, na chini ya mbao vyuma. Kwa hiyo mwanafunzi wangu haanzi na ngumi wala kuruka. Anachuchumaa, anajiachia kinyumenyume, anainuka, anarudia. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisiguse mbao. Pumzi inatolewa mwili unapotua. Sehemu pana ya juu ya mgongo inapokea uzito, na mikono miwili inapiga turubai kwa wakati uleule, viganja vikiwa chini. Kinachokatazwa kabisa ni kupeleka mkono nyuma ili kujizuia. Mwili hufanya hivyo wenyewe tangu utotoni, na ndivyo viwiko na vifundo vya mikono vinavyovunjika. Kazi ya mkufunzi, kwa miezi ya mwanzo, ni kuufundisha mwili uache kujiokoa vibaya.

Vijana wenye misuli mikubwa huchoshwa na zoezi hili. Wanataka kamba ya juu mara moja. Wengi wao hawarudi, na siwafuati.

2. Mwili wa mwenzako ni amana

Mpinzani anapokuinua begani amekukabidhi mgongo wake, nawe umemkabidhi shingo yako. Ndiyo maana kuna taratibu ambazo mtazamaji hazioni. Marekani tunashika upande wa kushoto: kabali ni ya mkono wa kushoto, na mkono unaokamatwa ni wa kushoto. Mexico wanashika kulia. Kwa utaratibu huo watu wawili wasiojuana wanaweza kupigana usiku huohuo wanapokutana bila kuumizana. Ukiminya mkono wa mwenzako kidogo, unamuuliza kama yu mzima. Naye akiminya, amekujibu. Refa hupitisha maneno kati yenu. Na refa akiinua mikono na kuipishanisha kama herufi X, ujue mtu ameumia kweli, na mchezo umekwisha kuwa mchezo.

Huku New England jina linalotajwa kwa heshima ni la mwanamieleka Killer Kowalski. Mwaka 1952, mjini Montreal, aliruka kutoka kamba ya juu na goti lake likang'oa kipande cha sikio la mpinzani wake, Yukon Eric. Ilikuwa ajali. Akaenda kumwona hospitalini, habari zikaenea kwamba alicheka alipoyaona yale mabandeji, na tangu hapo watu wakafurika kumzomea. Sikio la mwenzake likamjengea jina. Lakini mtu huyohuyo alipostaafu mwaka 1977 alifungua shule hapa Massachusetts, na kati ya waliopita mikononi mwake ni Triple H, Chyna na Kofi Kingston. Sijui mkufunzi wa huku asiyesimulia kisa cha lile sikio, na kila mmoja hukisimulia kama onyo.

3. Usikubali kuvishwa ngozi ya chui

Hapa nina maneno mengi. Kila pambano lina steringi na adui, na adui ndiye mara nyingi anayeliongoza, kwa kuwa ndiye anayewafanya watu wamtake steringi. Mwafrika anapoingia, mwandalizi huwa ameshaamua yeye ni nani. Kizazi changu kilikua kikimtazama Kamala, aliyetangazwa kuwa jitu kutoka Uganda: pekupeku, uso umechorwa rangi, mkuki mkononi, mla watu asiyejua lugha yoyote. Jina lake lilikuwa James Harris, naye alizaliwa Mississippi. Simlaumu, alikuwa anatafuta riziki, na uzeeni kisukari kilimkata miguu yote miwili. Nawalaumu walioona kwamba Uganda ni neno la kutishia watoto.

Nami niliombwa mkuki. Mwandalizi mmoja alitaka niwe mtoto wa chifu. Nikamwambia nitakuwa makanga wa matatu: nitaingia nikipiga mluzi, nitawasukuma watu wasogee, nitachukua pesa ya mtazamaji wa mstari wa mbele na kukataa kurudisha chenji. Wamarekani hawajui makanga ni nani. Mtu anayekula chenji yako wanamjua sana, na walinichukia vizuri kabisa.

Hata Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliletwa kwenye televisheni mwaka 2008 kama Mjamaika. Baadaye lafudhi ya Kijamaika ikaachwa, na mwaka 2019 akawa bingwa wa WWE akitambulishwa kwa asili yake. Nako Mukono, Uganda, vijana wanapigana kwenye ulingo wa udongo laini uliozungushiwa nguzo na kamba, na video zao zimetazamwa duniani kote. Hao ndio Waganda. Hawakuhitaji mtu wa Mississippi awaigize.

4. "Ni kweli?"

Mjomba wangu wa Machakos aliniuliza kwa simu, "Mpwa wangu, hizo ngumi ni za kweli au mnatuchezea?" Nikamjibu, "Mjomba, atakayeshinda tunamjua mapema. Mbao hazina habari hiyo." Matokeo hupangwa, na hiyo si siri: mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, ambayo leo ni WWE, yenyewe iliwaambia wabunge wa New Jersey kwamba hii ni burudani, ili ikwepe masharti na kodi za michezo. Maumivu hayakupangwa na mtu.

5. Kichwa hakina kipuri

Chris Nowinski, mhitimu wa Harvard, naye alipita kwa Kowalski. Mitikisiko ya ubongo ilimtoa ulingoni mwaka 2003, na mwaka 2007 akashirikiana na daktari Robert Cantu kuanzisha taasisi ya kutafiti jambo hilo. Kwangu sheria ni moja: akigonga kichwa, anaketi. Halafu daktari, si mimi, ndiye anayesema lini atarudi. Wanafunzi hununa. Wanune.

6. Inalipa?

Kwenye kumbi ndogo, malipo ya usiku mmoja mara nyingi huishia kwenye petroli. Hata wa televisheni huandikiwa mikataba ya watu wanaojitegemea, si ya wafanyakazi. Mimi nilikuwa na kazi ya ghala wakati wote, na bado ninayo.

7. Bingwa si lazima awe mwalimu

Nimewaona mabingwa wasioweza kueleza kwa nini mguu unatangulia. Kijana unayetaka kuingia, usifuate mikanda iliyotundikwa ukutani. Kabla ya kulipa ada, omba uketi pembeni utazame somo zima. Ukimwona mgeni ananyanyuliwa na kutupwa siku yake ya kwanza, au mkufunzi anacheka mtu anapoumia, ondoka na pesa zako mfukoni.