Kufundisha Uchaguzi kwa Vipimo: Mfano wa Kemshafti ya Injini

Somo la injini katika madarasa ya juu ya shule ya msingi mara nyingi huishia kwenye majina ya sehemu. Wanafunzi hukariri pistoni, silinda na valvu, hujibu mtihani, kisha husahau. Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine: wanafunzi wapewe tatizo la kweli la ufundi, wapime, ndipo waamue.

Tatizo

Kati ya mwaka 1987 na 1995, pikapu nyingi za Chevrolet huko Marekani zilifungwa injini ya petroli ya silinda nane, yenye ujazo wa lita 5.7. Badala ya kabureta, injini hiyo ina vinyunyizio viwili vya mafuta vinavyoongozwa na kompyuta. Mwenye gari la aina hiyo hulitumia kukokota tela, naye anataka nguvu zaidi. Ameambiwa abadili kemshafti, yaani mtaimbo wenye nundu zinazofungua valvu. Je, achague yenye nundu pana au nyembamba?

Wanafunzi wengi watajibu upesi: pana, maana kikubwa ndicho bora. Mwalimu asiwasahihishe. Aandike jibu lao ubaoni, kisha awape kazi.

Vifaa

Kadi ngumu, mkasi, msumari, bikari, kipimapembe, rula na kijiti kilichonyooka.

Hatua ya kwanza: kupima nundu

Kila kikundi kikate visahani viwili vya kadi, A na B, vyenye nundu za kimo sawa. Nundu ya A iinue kijiti kwa nyuzi 100 za mzunguko. Ya B kwa nyuzi 120. Wanafunzi wazungushe kisahani nyuzi 10 kila mara, wapime kimo cha kijiti na kuchora grafu.

Hapa mwalimu akumbushe kwamba katika injini ya mipigo minne kemshafti huzunguka mara moja wakati krenkishafti inapozunguka mara mbili. Mafundi huhesabu muda wa valvu kuwa wazi kwa nyuzi za krenkishafti. Kwa hiyo A ni nyuzi 200, na B ni nyuzi 240.

Hatua ya pili: kupima mwingiliano

Kila silinda ina nundu ya valvu ya kutolea moshi na nundu ya valvu ya kuingizia. Wanafunzi wakate nakala ya kila kisahani, waziweke mbili mbili kwenye msumari mmoja, vilele vikiachana kwa nyuzi 112. Wataona kwamba A haina mwingiliano, bali pengo la nyuzi 12. B ina mwingiliano wa nyuzi 8, yaani nyuzi 16 za krenkishafti, ambapo valvu zote mbili zimeinuka pamoja.

Hatua ya tatu: kutafuta maana

Sasa mwalimu aulize: valvu zote mbili zikiwa wazi na injini ikienda polepole, moshi utakwenda wapi? Sehemu yake hurudi kwenye bomba la kuingizia hewa. Ombwe la bomba hilo hupungua, maana yake kanieneo huongezeka.

Kompyuta ya injini hii haipimi hewa yenyewe. Hupima kanieneo ya bomba pamoja na kasi ya injini, kisha hukadiria mafuta. Kanieneo ikiongezeka, hudhani injini imebebeshwa mzigo, nayo huongeza mafuta yasiyohitajika. Injini hutetemeka, hutoa moshi mweusi na hula petroli nyingi.

Aidha, nundu pana huchelewa kufunga valvu ya kuingizia. Katika mwendo wa polepole, sehemu ya hewa husukumwa nje tena, na nguvu ya kukokota hupungua pale pale mwenye tela anapoihitaji. Faida ya nundu pana huonekana katika mwendo wa kasi sana, ilhali injini hii hufikia kilele cha nguvu karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika.

Basi kwa mwenye tela uchaguzi wa busara ni kemshafti ya wastani: nyuzi 200 hadi 210, zikihesabiwa tangu kisukumio kinapoinuka milimita 1.27, na vilele vilivyoachana nyuzi 112 au 114. Ikiwa nundu zake ni ndefu kuliko za awali, springi za valvu nazo zikaguliwe. Anayetaka kubwa zaidi hana budi kurekebisha pia hesabu za kompyuta.

Hitimisho

Mwalimu arudi kwenye jibu la ubaoni, awaachie wanafunzi walisahihishe wenyewe kwa vipimo vyao. Baadhi yao watakuwa mafundi. Fundi aliyefunzwa kwamba kikubwa ndicho bora humharibia mtu gari na kumpotezea fedha. Aliyezoea kuuliza kwanza chombo kinafanya kazi gani huaminiwa. Tabia hiyo haiji kwa kuhubiriwa, bali kwa kupima.

Kazi ya wanachuo

1. Kokotoeni mwingiliano wa B iwapo vilele vinaachana nyuzi 108.
2. Andaeni somo jingine ambamo jibu la haraka la wanafunzi hupimwa kabla ya kusahihishwa.