Kisu cha Daktari na Ugonjwa wa Kansa

Wengi wetu tumeyasikia maneno haya kijijini: "Kansa usiiguse kwa kisu. Ukipasua, inatawanyika mwili mzima." Kwa sababu ya maneno hayo mama mwenye uvimbe kwenye titi anaficha. Anajifunga khanga yake, anakwenda shambani, anangoja. Uvimbe wenyewe haungoji.

Basi leo tuizungumze habari hiyo. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, hazionekani kwa macho. Chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine hushika nafasi. Katika kansa, au saratani, chembe fulani huuacha utaratibu huo. Huzaana ovyo, zikafanya uvimbe au kidonda kisichopona. Zikiachwa, baadhi hubanduka na kusafiri kwa njia ya damu na mitoki mpaka kwenye mapafu, ini au mifupa. Huko ndiko kutawanyika kwenyewe, na kunaletwa na kuchelewa. Yule aliyepasuliwa akafa, mara nyingi alifika hospitali ugonjwa umekwisha enea. Watu wakakiona kisu, wakakilaumu kisu.

Siyo kila kansa hupasuliwa. Ya damu, kwa mfano, hutibiwa kwa dawa. Lakini kwa kansa ya titi iliyowahiwa, kuondoa uvimbe ni sehemu kubwa ya matibabu.

Kwanza mgonjwa aende zahanati apate karatasi ya rufaa. Safari yaweza kuishia Bugando, Mwanza, KCMC, Moshi, au Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya kupasua, daktari huchukua kinyama kidogo cha uvimbe kikapimwe kwa darubini. Majibu huchukua siku kadhaa, hata majuma. Hapa ndipo wengi huchoka wakarudi nyumbani, au wakapita Kariakoo kununua dawa za mizizi. Hatuzidharau dawa za mizizi. Mwaka 1804 daktari wa Kijapani, Hanaoka Seishu, alimlaza mama mmoja usingizi kwa dawa ya mimea, kisha akauondoa uvimbe wa titi lake. Lakini kumbukeni: mimea ilileta usingizi, kisu ndicho kilichotoa uvimbe.

Sasa tunafika kwenye karatasi ya idhini. Zamani mgonjwa alishikwa mkono akapiga dole gumba, hajui limeandikwa nini. Sisi tuliojifunza kusoma tusifanye hivyo tena. Tuisome pole pole. Neno gumu tuulize, daktari ataeleza. Je, litaondolewa titi lote au uvimbe tu? Na mitoki ya kwapani? Kama ni kansa ya mlango wa uzazi na kizazi kitatolewa, mama hatazaa tena. Hilo lijulikane kabla, na bwana wake alijue. Ukielewa, ndipo uandike jina lako.

Ndugu huombwa kutoa damu. Siku ya upasuaji mgonjwa hali kitu mapema, kama atakavyoelezwa na muuguzi. Huko siyo kumtesa: tumbo likiwa na chakula, mtu aweza kutapika usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Akishapewa dawa ya usingizi hasikii kisu. Akizinduka baada ya upasuaji wa titi aweza kukuta mpira mwembamba umetokea kwenye kidonda, unapeleka majimaji kwenye chupa. Asiogope wala asiuchomoe. Maumivu yatakuwapo, naye aseme, apewe dawa. Kunyamaza kiume hakuponyeshi kidonda.

Nyumbani asitwange wala kubeba ndoo mpaka daktari aruhusu. Lakini mkono wa upande ule usilazwe tu. Aunyooshe kama alivyofundishwa, usije ukakakamaa. Mitoki ikiwa imetolewa, mkono huo waweza kuvimba hata baada ya miaka. Ukichomwa na mwiba au kukatwa na jembe, uoshwe na kufungwa mara moja. Kidonda kikitoa usaha, au homa ikimpanda, arudi hospitali asingoje tarehe yake. Na sisi waume, tusimwangalie mke kama aliyepunguka. Tumchotee maji.

Baada ya kidonda kupona, wengi hutakiwa kwenda Dar es Salaam tena, safari hii Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kazi yake kubwa ni mionzi na dawa za kuua chembe zilizobaki. Jengo lake la zamani lilimalizwa na Wajerumani mwaka 1897, na taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Panda basi la mwendokasi, pita Posta, ushuke Kivukoni penye soko la samaki. Fuata barabara ya ufukoni, bahari ikiwa kuliani kwako. Barabara hiyo ilikuwa ikiitwa Ocean Road. Tangu 2013 kibao chake kinasomeka Barack Obama. Hospitali iko mbele, upande wa kushoto.

Asiye na fedha amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Karatasi za majibu ya kinyama na za upasuaji zisibaki nyumbani. Daktari wa mionzi hawezi kupanga matibabu kabla hajazisoma.